Jina la Ndoa na Jina Lenye Kistari: Mwongozo Kamili wa Kubadili Vitambulisho Nchini Marekani

Mwafrika Mashariki anayefunga ndoa Marekani hukutana na swali la jina mapema kuliko anavyotarajia. Swali hilo halisubiri harusi ipite na wageni waondoke. Katika majimbo kadhaa huulizwa siku ile ile wachumba wanapokwenda kwa karani wa kaunti kuomba leseni ya ndoa, nao hutakiwa kujaza papo hapo jina watakalolitumia baada ya ndoa. Anayeacha nafasi hiyo wazi kwa kudhani kwamba atalishughulikia baadaye anaweza kujikuta analazimika kwenda mahakamani kutafuta kitu ambacho angekipata bure kwa kalamu ya karani. Kwa sababu hiyo mwongozo huu unaanza kabla ya ndoa, kisha unafuata nyaraka moja baada ya nyingine kwa mpangilio ambao ofisi za Marekani zenyewe zinautegemea.

Lengo la kazi yote ni moja: jina lililoandikwa kwa namna moja, herufi kwa herufi, kwenye kila kitambulisho.

Ieleweke kwanza kwamba sheria haimlazimishi mtu yeyote kuchukua jina la mwenzi wake. Haikuwa hivyo siku zote. Jimbo la Hawaii lilikuwa na sheria iliyomtaka mke achukue jina la mumewe hadi katikati ya miaka ya 1970, na mwaka 1975 Mahakama ya Juu ya Tennessee, katika kesi ya Dunn dhidi ya Palermo, ndiyo iliyotamka kwamba mwanamke aliyeolewa hawezi kulazimishwa kujiandikisha kupiga kura kwa jina la mume. Leo mwanamke Mwislamu anayeshika desturi ya kubaki na jina la baba yake hana fomu hata moja ya kujaza, kwa kuwa ndoa yenyewe haibadilishi jina la mtu. Mlango uko wazi pia kwa wanaume: mume anaweza kuchukua jina la mke, au wote wawili wakachukua jina la pamoja lenye kistari.

Kuchagua umbo la jina

Tuchukue mfano wa kubuni wa mwanamke aitwaye Neema Joseph Mushi, anayeolewa na mwanamume ambaye jina lake la ukoo ni Otieno. Anaweza kuwa Neema Otieno. Anaweza kuwa Neema Mushi-Otieno, kwa kistari. Anaweza kuwa Neema Mushi Otieno, ambapo maneno mawili ya mwisho kwa pamoja ndiyo jina la ukoo. Na anaweza kuwa Neema Mushi Otieno ambapo Mushi limehamia katikati na jina la ukoo ni Otieno peke yake. Maumbo haya mawili ya mwisho yakisomwa kwenye karatasi hayana tofauti yoyote, lakini kwenye kumbukumbu za serikali ni majina mawili tofauti, na hapo ndipo matatizo mengi yanapozaliwa. Karani mmoja huingiza Mushi kwenye nafasi ya jina la kati, mwingine huliingiza kwenye nafasi ya jina la ukoo, na baada ya miaka miwili leseni ya udereva na pasipoti za mtu mmoja hazifanani.

Suala hili huwagusa sana watu wetu kwa sababu ya utaratibu wa majina matatu. Kwa Mtanzania, jina la kati kwa kawaida ni la baba, nalo lina uzito: ndilo linalomtambulisha mtu shuleni, kijijini na mahakamani. Marekani jina la kati hufupishwa kuwa herufi moja au kuachwa kabisa, na ofisi ya Hifadhi ya Jamii (Social Security) haihesabu jina la kati kuwa sehemu ya jina la kisheria. Kwake jina la kisheria ni jina la kwanza na la ukoo tu. Anayetaka jina la ukoo wa kwao liwe na nguvu ya kisheria asilitegemee kubaki salama katikati. Ndugu zetu wa Congo wana mkanganyiko wao: jina la nyongeza lililoenea tangu sera ya Mobutu ya mwaka 1972, ile iliyopiga marufuku majina ya Kikristo, mara nyingi huingizwa kwenye fomu za Marekani mahali pasipo pake, na mtu akaja kuolewa huku kumbukumbu zake tayari zikitofautiana. Mwenye hali hiyo arekebishe kosa la zamani kwanza, kisha ndipo aongeze jina la ndoa.

Maoni yangu ni kwamba, kwa anayetaka kubaki na majina yote mawili nchini Marekani, kistari ni bora kuliko nafasi tupu. Kistari huyafunga majina mawili yasomeke kuwa moja, na humnyima karani nafasi ya kukisia. Kina gharama zake kwenye mashine, nazo nitazieleza mbele, lakini gharama hizo zinajulikana na zinapangika, ilhali nafasi tupu huleta kosa jipya kila ofisi.

Mambo mawili yapimwe kabla ya kuamua. La kwanza ni mpangilio: jina lenye kistari hupangwa kwenye faharasa kwa herufi yake ya kwanza, hivyo Mushi-Otieno litatafutwa kwenye M daima, hospitalini, shuleni na kwenye orodha ya wapiga kura. La pili ni urefu. Kadi ya Hifadhi ya Jamii ina mistari miwili ya jina, na kila mstari una nafasi 26 tu. Pasipoti ina mstari wa kusomwa na mashine wenye nafasi 39 kwa majina yote pamoja na alama za kuyatenganisha. Jina kama Mwakalinga-Nyirahabimana lina alama 24, kwa hiyo linaingia kwenye kadi. Likiongezwa Neema linaingia pia kwenye mstari wa pasipoti, lakini likiongezwa Neema na Josephine linafika 41 na mashine italikata mwishoni. Mwenye majina marefu ahesabu herufi kwenye karatasi kabla ya kwenda kwa karani.

Hatua ya kwanza: leseni ya ndoa na cheti chake

Leseni ya ndoa ni ruhusa ya kufunga ndoa. Cheti ni uthibitisho kwamba ndoa imefungwa. Vitu hivi viwili huchanganywa sana, na ofisi za jina zinataka cha pili. Leseni ina muda wake: New York hudumu siku 60, nayo haitumiki kabla ya saa 24 kupita tangu itolewe, na California hudumu siku 90.

Majimbo yanatofautiana kuhusu jina. California, kwa sheria ya usawa wa majina ya mwaka 2007 iliyoanza kutumika tarehe 1 Januari 2009, huruhusu kila mmoja wa wachumba kuandika kwenye ombi la leseni jina jipya la ukoo, likiwemo lenye kistari, na hata kubadili jina la kati kwa mipaka iliyowekwa. Sharti ni kwamba liandikwe wakati huo. Leseni haiwezi kurekebishwa baadaye kwa ajili tu ya kuongeza jina ambalo mtu hakulichagua. New York nayo ina nafasi ya jina kwenye ombi, na sheria yake inataja wazi kwamba mtu anaweza kuchukua jina la mwenzi, kurudia jina lake la zamani la ukoo, kuunganisha sehemu za majina yote mawili kuwa neno moja, au kuyaweka pamoja kwa kistari au kwa nafasi. Katika majimbo mengine mengi leseni haina nafasi hiyo kabisa. Mtu hufunga ndoa kwa jina alilo nalo, kisha cheti hutumika kuwa ushahidi wa jina linaloweza kutokana na majina ya hao wawili. Kwa hiyo swali la kwanza kwa karani liwe hili: je, cheti cha hapa kitaonyesha jina langu jipya, na kama kitaonyesha, naliandika wapi?

Siku ya kutia sahihi, tumia jina la sasa, kwa kuwa jina jipya huanza baada ya ndoa. Hakikisha pia kwamba majina ya wazazi na mahali ulipozaliwa yameandikwa kama yalivyo kwenye cheti cha kuzaliwa, maana karani wa pale hajawahi kuona neno Kilimanjaro au Kakamega na ataliandika kama anavyolisikia.

Hapa nawasihi hasa wanaofunga ndoa msikitini au kanisani. Hati ya nikaha inayotolewa na msikiti, na cheti chenye mapambo kinachotolewa na kanisa, havikubaliki kwenye ofisi ya Hifadhi ya Jamii, kwenye ofisi ya leseni za udereva wala kwenye pasipoti. Kinachokubaliwa ni cheti kilichotolewa na jimbo, kaunti au mji. Ndoa ya nikaha inakuwa na cheti hicho iwapo wachumba walichukua leseni mapema, imamu akawa na ruhusa ya kufungisha ndoa katika jimbo hilo, akaitia sahihi leseni pamoja na mashahidi pale wanapohitajika, na leseni ikarudishwa kwa karani ndani ya muda uliowekwa. Wapo waliokaa miaka kwa furaha ya ndoa halali ya dini huku serikali ikiwa haina habari nayo, wakaja kugundua siku walipohitaji kubadili jina. Mfuatilie imamu au mchungaji hadi leseni irudi.

Omba nakala kadhaa zilizothibitishwa, yaani zile zinazotolewa na karani mwenyewe zikiwa na muhuri wake. Tatu zinatosha watu wengi, kwa kuwa moja itakuwa njiani na ombi la pasipoti wakati nyingine inahitajika dirishani. Fotokopi haikubaliki, hata ikigongwa muhuri na mwanasheria.

Waliofunga ndoa nyumbani hutumia cheti cha serikali ya huko: kwa Tanzania bara ni kile kinachotambuliwa na RITA, kwa Kenya ni kile cha msajili wa ndoa. Kama kina maneno yasiyo ya Kiingereza, idara ya uhamiaji ya Marekani hutaka tafsiri kamili, ikiambatana na tamko la mtafsiri kwamba anazijua lugha zote mbili na kwamba tafsiri ni sahihi.

Hatua ya pili: Hifadhi ya Jamii

Ofisi hii, ambayo wengi wetu huiita Soshali, ndiyo ya kwanza kabla ya nyingine zote, kwa sababu ofisi za leseni, waajiri na idara ya kodi hulinganisha majina na kumbukumbu zake. Anayeanza na leseni ya udereva hurudishwa.

Fomu ni SS-5, na hakuna malipo yoyote. Mtu au tovuti inayokutoza fedha kwa kadi hii inakuuzia kitu cha bure. Unahitaji cheti cha ndoa, kitambulisho kinachoendelea kutumika, na, kwa asiye raia, hati yake ya sasa ya uhamiaji. Ofisi huona asili au nakala iliyothibitishwa na mtoaji, kisha hukurudishia. Namba haibadiliki, kinachobadilika ni jina tu. Kadi mpya hufika kwa posta, kwa kawaida ndani ya siku 5 hadi 10 za kazi baada ya ombi kukamilika. Sheria inamwekea mtu kikomo cha kadi 3 kwa mwaka na 10 kwa maisha yake yote, lakini kadi inayotolewa kwa sababu ya mabadiliko ya kisheria ya jina haihesabiwi.

Fomu ina visanduku vitatu: jina la kwanza, jina kamili la kati, na jina la mwisho. Anayetaka kistari akiandike wazi ndani ya kisanduku cha jina la mwisho, kwa herufi kubwa na bila nafasi pande zake. Anayetaka majina mawili yasiyo na kistari ayaandike yote mawili ndani ya kisanduku hicho hicho, kisha amwambie karani kwa mdomo kwamba hayo mawili ni jina la ukoo. Kabla hujaondoka dirishani, omba kusoma kilichoingizwa kwenye kompyuta. Ni dakika moja, nayo huokoa miezi, kwa sababu kosa la hapa litanakiliwa na kila ofisi inayofuata.

Jina linalokubaliwa kwa cheti cha ndoa ni lile linaloweza kutokana na cheti chenyewe: jina la mmoja wao, au muungano wa yote mawili, kwa kistari au bila. Cheti hakiwezi kukupa jina la kwanza jipya, wala jina la ukoo ambalo halimo kwa yeyote kati yenu. Kwa mabadiliko ya namna hiyo njia ni ombi mahakamani: fomu, ada, katika baadhi ya majimbo tangazo gazetini, kisha amri ya hakimu, ambayo hutumika dirishani mahali pa cheti cha ndoa.

Hatua ya tatu: leseni ya udereva au kitambulisho cha jimbo

Subiri siku moja au mbili baada ya kutoka Soshali, kwa kuwa ofisi ya leseni huuliza kumbukumbu za huko kwa njia ya kompyuta na mabadiliko huchukua muda kuonekana. Huna haja ya kusubiri kadi ifike kwa posta, isipokuwa kama jimbo lako linataka kuiona.

Tangu tarehe 7 Mei 2025, kitambulisho cha jimbo kinachotumika kupandia ndege za ndani lazima kiwe kimetimiza masharti ya sheria ya REAL ID ya mwaka 2005, na masharti hayo yana ukali wake kuhusu majina. Mwombaji hutakiwa kuonyesha mnyororo mzima kutoka jina la kwenye cheti cha kuzaliwa au pasipoti hadi jina la leo. Aliyeolewa, akaachika, kisha akaolewa tena hubeba cheti cha ndoa ya kwanza, hukumu ya talaka na cheti cha ndoa ya pili. Pete moja ya mnyororo ikikosekana, ombi linasimama. Kwa waliofunga ndoa ya kwanza Tabora au Bukavu na hawana tena karatasi zake, kazi ya kuzitafuta ianze miezi kadhaa kabla, kwa kumtumia ndugu aliyeko huko.

Kwa raia, ofisi hii ndiyo pia mahali rahisi pa kurekebisha jina kwenye daftari la wapiga kura, kwani sheria ya mwaka 1993 inaziagiza ofisi za leseni katika majimbo mengi kutoa huduma hiyo.

Hatua ya nne kwa raia: pasipoti

Fomu inategemea muda. Ikiwa pasipoti ilitolewa chini ya mwaka mmoja uliopita, na jina nalo limebadilika chini ya mwaka mmoja uliopita, ni DS-5504, na hakuna ada isipokuwa ukitaka iharakishwe. Ikiwa mwaka umepita, na pasipoti hiyo ulipewa ukiwa na umri wa miaka 16 au zaidi, ndani ya miaka 15 iliyopita, na haijaharibika, ni DS-82 kwa posta. Nje ya hapo ni DS-11, ambayo hupelekwa kwa mkono mbele ya ofisa. Njia ya kuomba upya kwa intaneti haiwafai wanaobadili jina. Cheti cha ndoa unachotuma hurudishwa, mara nyingi kwa bahasha tofauti na ya pasipoti, hivyo usishtuke pasipoti ikifika peke yake.

Hatua ya nne kwa asiye raia: karatasi za uhamiaji

Mwenye kadi ya ukaazi wa kudumu, yaani grinikadi, hujaza fomu I-90 akiambatanisha cheti cha ndoa. Mwenye kadi ya masharti ya miaka 2 aliyoipata kwa ndoa atapeleka I-751 ili aondolewe masharti, na hapo ndipo mahali pa kufaa pa kuwasilisha ushahidi wa jina.

Kabla ya kulipa ada ya I-90, piga hesabu ya uraia. Mkaazi wa kudumu hustahili kuomba uraia baada ya miaka 5, au miaka 3 ikiwa anaishi na mwenzi ambaye ni raia, na ombi linaweza kupokelewa siku 90 kabla ya muda huo kutimia. Fomu ya uraia, N-400, hupokea jina lililokwisha kubadilika kwa ndoa, na pia ina swali linalouliza kama mwombaji anataka jina lingine jipya. Akijibu ndiyo, na kiapo kikafanyika mbele ya hakimu, jina hubadilishwa kwa amri ya mahakama siku hiyo hiyo. Hii ni nafasi adimu. Kwa mtu ambaye majina yake matatu yalivurugwa tangu ombi la viza, au ambaye aliwekewa herufi FNU, yaani jina la kwanza halijulikani, mahali pa jina la kwanza kwa kuwa pasipoti yake ilikuwa na jina moja tu, kiapo cha uraia ndicho wakati wa kuweka kila kitu sawa, kistari kikiwemo. Aliyekwisha kupata cheti cha uraia kisha akaolewa hutumia fomu N-565 kupata cheti kipya chenye jina la ndoa.

Mashine zinavyokifanyia kistari

Mwenye jina la kistari azoee kuliona katika sura tatu, na ajue kwamba zote ni halali. Kwenye ukurasa wa pasipoti unaosomwa na macho, kistari huonekana. Kwenye mstari wa chini unaosomwa na mashine, kanuni za shirika la kimataifa la usafiri wa anga, ICAO, hugeuza kistari kuwa alama ya kujazia nafasi, hivyo Mushi-Otieno huwa MUSHI<OTIENO. Alama ya ritifaa, kwa mfano kwenye jina Ng'ang'a, hufutwa kabisa, nalo huwa NGANGA. Kwenye tiketi ya ndege, kistari mara nyingi hutoweka na majina kushikana: MUSHIOTIENO. Maofisa wa viwanja vya ndege wanaifahamu tofauti hiyo na haizuii safari. Kinachozuia ni kukosekana kwa jina lenyewe: tiketi ya Otieno kwa pasipoti ya Mushi-Otieno ni hatari.

Fomu ya intaneti ikikataa kistari, weka nafasi tupu. Ikikataa nafasi pia, unganisha maneno mawili. Usikubali kamwe kuacha jina moja nje ili fomu ipite. Na kwa kila ofisi ya kibinafsi unayoandikishwa, andika pembeni sura waliyoitumia, ili ukipiga simu mwaka ujao ujue watakutafuta kwa lipi.

Safari wakati mabadiliko hayajakamilika

Kanuni ni nyepesi: tiketi hufuata pasipoti utakayoshika siku ya safari. Ikiwa fungate ni Zanzibar wiki mbili baada ya harusi, kata tiketi kwa jina la zamani, safiri kwa pasipoti ya zamani, na upeleke ombi la pasipoti mpya ukirudi. Beba nakala iliyothibitishwa ya cheti cha ndoa iwapo leseni imekwisha kubadilika. Wanachama wa mpango wa ukaguzi wa haraka viwanjani wanapaswa pia kurekebisha jina huko, la sivyo namba yao haitafanya kazi kwenye tiketi yenye jina jipya.

Kazi, kodi na taaluma

Mwajiri abadilishe jina baada ya Soshali, kamwe si kabla, kwa sababu taarifa ya mshahara ya mwaka hulinganishwa na kumbukumbu za huko. Ukifika msimu wa kodi kabla ya Soshali kubadilika, jaza ritani kwa jina la zamani. Jina na namba zisipolingana, marejesho huchelewa. Benki hutaka kitambulisho kipya na cheti cha ndoa, na historia ya mikopo itafuata yenyewe benki zinapopeleka taarifa.

Wauguzi na wasaidizi wa wauguzi, ambao ni wengi miongoni mwa watu wetu, wawe waangalifu zaidi. Jina kwenye usajili wa NCLEX, mtihani wa kupata leseni ya uuguzi, lazima lilingane na kitambulisho cha siku ya mtihani, na asiyelingana hatafanya mtihani. Kwa hiyo, mwenye tarehe ya mtihani aliyopangiwa aahirishe kubadili leseni ya udereva hadi mtihani upite, au abadilishe vyote viwili mapema na apate uthibitisho wa maandishi kutoka bodi ya uuguzi. Vyeti vya shule na vyuo vya nyumbani hubaki na jina la zamani, na cheti cha ndoa huwa daraja kati ya majina hayo mawili katika tathmini ya masomo.

Nyaraka za nyumbani

Kubadili jina Marekani hakubadilishi chochote Nairobi wala Dodoma. Mkenya, ambaye Katiba ya mwaka 2010 inamruhusu kuwa na uraia wa nchi mbili, anaweza kujikuta na pasipoti mbili zenye majina tofauti. Huko kitambulisho cha taifa ndicho msingi, na pasipoti hukifuata. Pasipoti ya Tanzania hutegemea namba ya NIDA, kwa hiyo jina la ndoa huanzia NIDA kabla ya kufika Uhamiaji. Mwenye kiwanja, akaunti au urithi unaosubiri mgawanyo nyumbani asikimbilie kubadili jina huko kabla mambo hayo hayajakamilika kwa jina la zamani.

Cheti cha ndoa cha Marekani kinachopelekwa nyumbani huhitaji uthibitisho wa ziada. Rwanda na Burundi zimo kwenye mkataba wa Hague wa mwaka 1961, hivyo apostili ya jimbo lililotoa cheti inatosha. Kwa nchi isiyomo, cheti hupita kwa katibu wa jimbo (Secretary of State), kisha wizara ya mambo ya nje ya Marekani, kisha ubalozi wa nchi husika, na uliza ubalozini kwanza kama tafsiri inatakiwa.

Kurudia jina la zamani

Ndoa ikivunjika, jina halirudi lenyewe. Ombi la kurudishiwa jina la awali lazima liingizwe kwenye shauri la talaka, na hukumu ilitaje jina hilo kwa ukamilifu. Mwambie wakili aliandike kabla hakimu hajatia sahihi, kwa tahajia ile ile ya cheti cha kuzaliwa. California ina fomu FL-395 kwa waliosahau, inayowezesha jina kurudishwa baada ya hukumu bila shauri jipya. Katika majimbo yasiyo na njia hiyo, aliyesahau hufungua ombi la kawaida la kubadili jina na kulipia ada yake. Hukumu ikishapatikana, omba nakala zilizothibitishwa kama ulivyofanya kwa cheti cha ndoa, na uanze tena kwa fomu SS-5.